Shauri la Kamongo Aliyeacha Kubadilika

Serikali, kwa kujali maendeleo ya viumbe vyote, ilitangaza kwamba hakuna ukoo utakaoruhusiwa tena kubaki na umbo lilelile. Bwana Akolgo, Mkurugenzi wa Idara ya Kasi ya Maumbo mjini Bolgatanga, alilipokea agizo hilo kwa mikono miwili, na mhalifu wake wa kwanza akampata kwenye tope: kamongo.

Ushahidi ulikuwa wa mifupa ya kale. Mababu wa samaki huyu walianza kazi kwa bidii ya kusifiwa: fuvu jipya, mapezi mapya, mkia mpya, wala hawakupoa. Kisha mwendo ukalegea. Sasa ni mamilioni ya miaka wanajikokota na umbo moja, na kiangazi wanalala kabisa ndani ya udongo, tena saa za kazi. Akolgo aliona huo ni uzembe wa kurithishana, akaamuru bwawa wanamoishi lifukiwe.

Shida ni kwamba kiangazi kikishakausha kila kitu, akina mama wa pale humchimba kamongo huyohuyo na watoto wakala. Mama Lamisi, mkubwa wao, akaja kwenye kikao cha shauri kumtetea, mbele ya Bi Dzifa, mkaguzi mkuu kutoka Accra. Akolgo alimtaka aeleze, kwa niaba ya mshitakiwa, kwa nini mabadiliko yamesimama.

"Mwanangu, nyumba ikiwa tupu kila mtu hujaribu kona," alisema Mama Lamisi. "Akipata inayomfaa, anatulia. Wewe ulipokitafuta kiti hicho, mwaka mmoja ulivaa rangi za vyama vitatu, na mgongo ukaukunja kwa kila mkubwa. Umeshakikalia, hata salamu huitikii. Mbona wewe hufukiwi?"

Akolgo alifafanua kwa upole kwamba agizo haliwagusi wenye vyeo. Bi Dzifa akalisoma upya, akakuta limesema ukoo wowote, wala halikutaja mapezi; na mshitakiwa hawezi kumhukumu mshitakiwa mwenzake. Bwawa likaachwa. Mkurugenzi akaachishwa kazi.

Siku ya soko iliyofuata, Akolgo alikuja kwa miguu, kikapu amekibeba mwenyewe. Alivua kofia, akachuchumaa mbele ya Mama Lamisi, akawaulizia watoto, wajukuu, hata mbuzi. Akina mama wakaanza kucheka.

"Msimcheke," alisema Mama Lamisi. "Kasi aliyokuwa akiitafuta bwawani ndiyo hii."