Redio Zinazojisemea

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Jioni nyingine peke yangu. Nimefundisha umeme chuoni mchana kutwa, nimerudi nyumbani mtaani Galbet, nimeketi kwenye meza yangu ya ufundi. Hakuna hata redio moja ya kutengeneza! Kosa ni langu. Nikiishika redio haiharibiki tena. Mama Sadiyo, muuza maziwa, alikaa hapa mwaka jana nikimtengenezea yake. Alikunywa chai, akanisimulia habari za ngamia wake, mmoja mmoja kwa jina. Tangu hapo redio yake ni nzima na yeye simwoni. Ufundi umeniponza. Mke wangu Kananu alikataa kuhama Meru, ati joto la huku ni la kukaushia nyama. Nina upweke. Basi, nimeandika.

Jumanne, 8 Septemba

Nimepata! Gazeti moja la kitaalamu linasema wahandisi wa Ulaya wanatia programu ndogo ndani ya vyombo. Wanaiita wakala. Chombo kikiugua, wakala anamwambia fundi kinaumwa wapi. Kikifa kabisa, anataja vipuri ambavyo bado vizima ili visitupwe. Kwa nini Ulaya tu? Ninazo mashine mbovu za kupokea ujumbe wa simu, zilitupwa na ofisi fulani ya misaada. Zina chipu za sauti. Programu nitaiandika kwa kompyuta ya chuo. Redio zitalia kwa sauti yangu, na wenyewe watazileta mbio. Tena nitazifanya ziwe za woga kidogo, zilalamike mapema. Hilo ni siri yangu.

Nimenunua majani ya chai ya kutosha kijiji.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimetangaza ukaguzi wa redio bila malipo. Nyumba imejaa! Mama Sadiyo amekuja. Nimeuliza habari za ngamia. Hata Mowlid, mwenye kibanda mbele ya lango langu, ameleta yake. Mowlid anauza sukari na betri, na huchomelea waya kwa ubishi tu, hajasoma popote. Alishika kimoja cha vidude vya sauti nilivyokuwa nikivitia ndani ya redio zao, akakigeuza, akauliza kinafanya nini. Nilimweleza kwa lugha ngumu ili asielewe. Wamekunywa chai yote. Walipoondoka nilichelewa kuosha vikombe, nikaviacha mezani kama walivyoviacha.

Jumanne, 15 Septemba

Siku kuu! Jioni, wakati wa habari za Kisomali kutoka London, redio za Galbet zimeanza kulia. Nimeisikia sauti yangu nyumba hadi nyumba: betri imechoka, badilisha, waya wa spika umelegea, kaza. Nimevaa shati safi. Nimechemsha maji. Nimesubiri mlangoni.

Hakuna aliyekuja.

Nimechungulia. Wote wako kwa Mowlid! Redio inasema betri, Mowlid anauza betri. Redio inasema waya, Mowlid anashika waya. Redio moja ya kale ilitangaza kwamba yenyewe imekwisha lakini spika yake ni nzima, na Mowlid akaihamishia spika kwenye redio ya Mama Sadiyo pale pale, watu wakishangilia. Mimi ndiye niliyezifundisha redio hizo kusema! Wamekaa kwenye mkeka, wanacheka, na sauti yangu iko katikati yao. Mimi niko huku na birika.

Nililia kidogo. Moshi wa jiko pia ulichangia.

Jumatano, 16 Septemba

Mowlid amekuja mlangoni. Amenitania: “Walahi mwalimu, hii redio yako iko na maneno mingi kuliko bibi yangu.” Kisha akaniomba niende kibandani jioni, tusikilize habari pamoja. Ati watu wananiulizia. Ati Mama Sadiyo ana ngamia aliyezaa.

Mtego! Anataka kuninyonya elimu. Nikamwambia nina wageni. Aliangalia kikombe changu kimoja mezani, akasema basi wao ndio watakuja kwangu, inshallah. Adabu tu za watu wa hapa. Hakuna atakayekuja.

Lakini wazo jipya! Huenda wageni huja nikiwa nimeinamia kazi, nisiwasikie. Nitatengeneza wakala wa mlango. Atakaa chini ya mkeka wa kizingiti. Mtu akikanyaga, atanijulisha.

Alhamisi, 17 Septemba

Wakala wa mlango amekamilika. Nimemjaribu kwa mguu wangu: “Mwalimu, una mgeni!” Raha iliyoje kusikia hivyo, hata kwa sauti yangu mwenyewe.

Baada ya swala ya magharibi akaharibika. “Mwalimu, una mgeni!” Kisha tena. Kisha mfululizo, kama kwamba kuna umati! Saa hizo nani aje kwangu? Wote wako kwa Mowlid. Ni kasoro ya programu, nina hakika. Nimemtoa betri, nikafunga dirisha kwa sababu ya kelele za watu huko nje, nikaanza kurekebisha.

Ijumaa, 18 Septemba

Asubuhi nimekuta kitu kizingitini. Chupa kubwa ya chai, na vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Mteja, hatimaye! Lakini watu wa hapa bwana: analeta chupa itengenezwe bila hata kuimwaga chai. Ilikuwa ya maziwa ya ngamia, na iliki. Imepoa. Nimeimwaga, nikaifungua yote. Sikuona kasoro, ila kioo cha ndani kimevunjika mikononi mwangu nilipokuwa nikikagua.

Si neno. Nitanunua kingine, na nitaitia kidude kitakachomkumbusha mwenyewe, kila akimimina, kwamba kuna mtu Galbet angependa kutembelewa.