Mbwa Mwitu wa Shamba la Mama Bidault

Jumatatu, 16 Januari 1893
Theluji usiku kucha. Shamba la Mama Bidault, mwenye nyumba wangu, jeupe pe mpaka kwenye ile mistari ya miti ya mipopla. Hakuna hata unyayo mmoja. Picha yangu hiyo! Jumamosi Bwana Hervieux, muuza picha, anakuja kwa treni kutoka Paris. Asiponunua picha yangu, narudi Rouen kuuza kofia dukani kwa mjomba. Aproni ameshanishonea.

Jumanne, 17 Januari
Anga na mipopla tayari, kwa chaki za pasteli. Shamba bado. Asubuhi Anatole, mchoraji wa rangi za mafuta anayepanga chumba cha pili, kakatiza pembeni mwa shamba akienda kununua mkate. Nikamwomba apite barabarani. Akaniuliza tangu lini theluji ikawa na mwenyewe. Kesho kijiji kizima kitamfuata, nawajua. Nimemnong'oneza Mama Bidault kwamba nimeona mbwa mwitu kwenye mipopla, ila asimwambie mtu. Siri haikai kwa yule mama hata dakika tano. Ndiyo maana nimemchagua.

Jumatano, 18 Januari
Nina akili mimi! Shamba halijaguswa. Hata Anatole kazunguka barabarani, kanuna. Nimefanya kazi hadi vidole vikafa ganzi. Saa kumi mlinzi wa kijiji akapita akipiga ngoma na kutangaza jambo fulani. Sikusikiliza. Msanii hana muda na matangazo.

Alhamisi, 19 Januari
Laiti ningesikiliza. Mlinzi alikuwa anaita watu kwenye msako wa mbwa mwitu. Wanaume sitini na Mama Bidault, bunduki, mbwa, majembe ya uma, wote shambani kwangu tangu alfajiri. Meya kanishukuru mbele ya watu, kanipa sufuria na mwiko nimfurushe mnyama kwa kelele, kaniweka mstari wa mbele, maana shahidi ni mimi. Nimelikanyaga shamba langu mwenyewe nikipiga sufuria. Anatole kaniuliza huyo mnyama alikuwa na ukubwa gani. Nikasema kama ndama. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji.

Ijumaa, 20 Januari
Nimelia kidogo. Kisha nikachora kilichopo, ningefanyaje? Nyayo mamia kwa chaki ya buluu, na shamba tupu, kimya.

Jumamosi, 21 Januari
Bwana Hervieux kaitazama picha ya Anatole ya machweo mekundu, kakohoa. Kwenye yangu kasimama muda mrefu. Akauliza, kwa sauti ya chini, watu wote hawa wamekwenda wapi. Ameichukua! Anataka nyingine kabla ya mwezi kuisha. Mama Bidault kabubujikwa na machozi, akamwonyesha alama za viatu vyake vya mbao, pale kushoto mwa picha. Nimefurahi hadi nimemkumbatia Anatole. Mjomba nimemwandikia aproni ampe mwingine.

Jumapili, 22 Januari
Theluji mpya imefuta kila kitu. Shamba jeupe tena! Wakati wa supu Anatole kanishauri safari hii niwaombe tu watu kwa adabu wasipite. Maskini, ndiyo maana hauzi. Nimewaza sana nikagundua kosa langu lilikuwa wapi: mbwa mwitu hatishi vya kutosha. Nimeshamnong'oneza Mama Bidault kwamba kuna dubu.