Sahani ya Jogoo

Jumanne, 9 Agosti

Nimevunja sahani ya Bibi. Moja ya zile nane za harusi yake, nyeupe zenye ukingo wa buluu. Nilikuwa nazifuta vumbi kwa ajili ya chakula cha sikukuu Jumamosi. Ikaponyoka. Vipande vitano!

Kibaya zaidi: Marehemu Babu, fundi saa, alichora kwa kisindano chake nyuma ya kila sahani alama ya mtu anayeilia. Mama ni ufunguo. Niliyovunja ina jogoo. Jogoo ni Mjomba. Alizaliwa alfajiri akipiga kelele.

Mjomba hajakanyaga hapa miaka minne, tangu alipokosa mazishi ya Babu. Anaona haya. Mama amembembeleza kwa simu mwezi mzima. Jumamosi anakuja.

Vipande viko ndani ya soksi. Soksi iko ndani ya buti la mvua.

Jumatano, 10 Agosti

Mpango! Kuna jarida maktaba ya shule, la lugha ya shule, si ya nyumbani. Linasema meza ya kisasa huchanganya vyombo vya zamani na vipya. Basi: nne za Bibi, nne za dukani. Nani atajua kwamba za Bibi zimebaki saba?

Nilimwambia Mama. Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Binamu yangu Kasuku, aliyekuja kusaidia maandalizi, alisikia mara ya kwanza, akalitangaza kama wazo lake. Mama akamkumbatia, akasema huyu mtoto ana jicho. Mimi nikaambiwa nimenye vitunguu.

Nyumbani naitwa Kimya. Sikujichagulia.

Ijumaa, 12 Agosti

Sahani mpya nane zimefika, za kijani; duka haliuzi nusu seti. Kasuku amekunja vitambaa vya mikono vikawa bata. Ni bata wazuri sana. Naandika humu tu, sitamwambia.

Nimepanga meza ya majaribio. Mjomba nimempa sahani ya kijani, karibu na Bibi. Nimejituliza: nani hugeuza sahani yenye mchuzi?

Jumamosi, 13 Agosti

Mtu hugeuza sahani kabla ya mchuzi.

Mjomba alifika saa sita. Amekonda. Bibi alimshika kidevu, akamuuliza huko anakoishi wanampikia au wanamwonyesha tu chakula. Wote tukacheka. Tukakaa. Akaishika sahani yake, kijani hivyo hivyo, akaigeuza kumtafuta jogoo. Alianza kutabasamu kabla hajaona kitu. Hilo ndilo linalonichoma.

Nyuma kulikuwa na karatasi ya duka. Sikuibandua! Akaisoma kwa sauti: bidhaa imepunguzwa bei. Akasema kumbe na yeye amepunguzwa, na hakupewa hata barua. Watu wakacheka tena. Bibi hakucheka. Mjomba alikula vijiko vitatu, akasema alikula njia nzima, ameshiba.

Jikoni Mama aliuliza, meno yamebana, kana kwamba amesahau Jumatano, ni nani huyo mwenye mawazo ya kuchanganya, na jogoo yuko wapi. Kasuku akasema wazo ni lake, jogoo hamjui. Mama akamwambia ujuaji wake utamrudisha Mjomba barabarani. Kasuku akalia, akajifuta kwa bata.

Mimi nilikuwepo. Nilishika upawa. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaongeza maji kwenye mchuzi.

Jumapili, 14 Agosti

Sikuweza kusema, nikaandika. Barua kwa Mjomba, kwa lugha ya shule, maana kwa lugha hiyo aibu huwa nyepesi. Nimevunja mimi. Wewe hukusahauliwa. Kasuku hana kosa. Samahani. Nikaipenyeza kwenye kiatu chake kabla hajaamka.

Mjomba alisahau miwani. Wakati wa chai akampa Kasuku amsomee.

Kasuku akaisoma mbele ya wote, sentensi kwa sentensi, akiwatafsiria. Aibu ikarudi na uzito wake wote. Alipofika kwenye jina lake akaisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akanitazama, akasema mbona kwenye karatasi nina domo hivyo. Nilitaka kumwomba msamaha kwa mdomo. Nikampa sukari.

Mjomba akaomba avione vipande. Nikaleta buti. Akachambua soksi mpaka akakipata chenye jogoo mzima, hana hata mkwaruzo. Akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Bibi akamwambia arudi kabla ya miaka mingine minne, yeye si saa ya kutiwa ufunguo. Mjomba akasema atarudi, lakini sasa atakula wapi, jogoo amehama banda.

Akapanda basi la saa nne. Sijui kama alikuwa anatania.

Jumatatu, 15 Agosti

Hakuwa anatania. Nimewaza usiku kucha. Lazima akirudi akute sahani yake.

Nimechukua moja ya kijani. Nimechora jogoo kwa penseli nyuma. Nimetafuta msumari na nyundo ndogo. Nikaanza na kishungi, polepole, kwa mkono mwepesi kabisa.

Vipande vitatu. Maendeleo!

Za Bibi saba, mpya saba. Mama hajafungua kabati. Ningeweza kwenda kumwambia sasa hivi, yuko sebuleni, peke yake, anashona kifungo. Nimesimama mlangoni mara mbili. Mara ya pili aliniuliza nataka nini. Nikasema kwamba kuna jarida nimesoma, na siku hizi watu wa kisasa hawatumii sahani kabisa, wanaandalia chakula kwenye vibao.

Hakusikia. Nitarudia.