Senga wa Shujaa

Leo sura yangu imebaki darasani. Mimi nimerudi nyumbani bila.

Sikilizeni basi. Klabu yetu ya Kiswahili ilikuwa inatafuta mtu wa kwenda Nairobi kwenye mdahalo wa shule. Mmoja tu. Tulikuwa tumebaki wawili: mimi na Zaituni, msichana ambaye hata akikuomba kalamu unahisi umeshindwa hoja. Mada aliichagua Mwalimu Okello, mtoto wa kambi ya jeshi, ambaye hata salamu zake ni amri. Ile filamu ya shujaa anayepaa! Mwishoni anamkamata yule mama katili aliyeteketeza mji wake, anamning'iniza nje ya ghorofa, halafu analia, anamrudisha taratibu na kumwacha aende zake. Je, moyo wa mtu unaweza kuamua hivyo? Inaaminika?

Nilicheka kimoyomoyo. Hiyo filamu nimeiona mara tatu, kwenye kibanda cha video nyuma ya kwetu. (Pale filamu haitazamwi kavu. Kuna vijei, jamaa wa maikrofoni anayetufasiria kwa Kiganda na kufunika sauti za wenyewe.)

Zaituni akaanza. "Haiaminiki! Ameua watu wake, halafu machozi mawili, nenda salama? Hata askari wa barabarani hakuachii hivyo!"

Darasa likapiga meza.

Zamu yangu. Nje kulikuwa na mvua nyembamba, ile inayoning'inia tu hewani kama imesahau kuanguka. Nikasimama, na wallahi sikuhisi sakafu. Sauti yangu ilitoka mbali, tamu, kama ya mtu mwingine anayenipenda sana. Madawati yakawa mawingu. Nairobi niliiona kabisa, imewasha taa zote, inaningoja mimi.

"Wenzangu," nikasema polepole, "nani hapa anaweza kumtupa senga wake kutoka ghorofani?"

Nikawatazama mmoja mmoja.

"Dada wa baba yako! Aliyekubeba mgongoni! Senga Nakato alimlea yule kijana kwa matoke. Alipomshika mkono pale juu, akaukumbuka ule mkono..."

(Vijei alisema huyo senga alimlea Kawempe, hapa hapa kwetu Kampala. Hapo nilijua ni utani. Mimi si mjinga kiasi hicho.)

Mtu nyuma akavuta kamasi. Mwalimu Okello, banange, akavua miwani akapangusa macho! Nikawa napaa juu ya Kampala nzima, mabati yanang'aa chini yangu kama samaki.

"Senga gani?" Zaituni akauliza.

"Nakato."

"Nakato gani?"

"Si yule mama!"

"Yule Mzungu?"

"Masenga wako kila kabila, Zaituni."

Mwalimu akafungua kompyuta. "Tuhakikishe. Kimya!" Akaiweka filamu pale pale ghorofani. Bila vijei. Kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia shujaa wangu kwa sauti yake mwenyewe (nyembamba kuliko nilivyodhani). Akamtazama yule mama machoni, machozi yanamtiririka, akamwambia kwa Kiingereza ambacho hata watoto wa chekechea wanakielewa: mimi na wewe hatujawahi kuonana.

Nikatua. Kwa matako.

"Labda... labda senga alihama kabla hajazaliwa," nikajaribu.

Hapo darasa likafa. Watu walilala juu ya madawati. "Nakato nywele amepaka nini?" "Nakato si jina la pacha? Mwenzake kaenda wapi?" Jirani yangu akanipigapiga bega: "Pore sana, sebo," yaani pole, bwana. Huku anatoa machozi ya kicheko!

Zaituni ndiye anayekwenda Nairobi. Amestahili, sina la kusema. (Ninalo, ila nani ataniamini tena?)

Kengele ilipolia, Mwalimu Okello akaniita kando. Nikajua ni adhabu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Kijana. Huyu wa kwenye kompyuta analia bila sababu. Ile yako, yenye senga... inaonyeshwa wapi?"

Nimemwelekeza. Nyinyi wengine, naomba mnicheke kwa Kiganda. Kwa Kiswahili nimeshachekwa vya kutosha.