Picha Themanini na Nne na Diski Inayokwaruza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mimi Ndululu, fundi mkuu wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Gatina. Fundi pekee, lakini mkuu. Leo Mama Adhis ameniletea simu ya marehemu mumewe. Picha themanini na nne! Anataka kijitabu cha mazishi, nakala mia mbili, kabla ya Ijumaa saa tatu asubuhi, mwili ukianza safari ya Siaya. Nikamwambia alale usingizi, mashine yangu haitumii Windows, inatumia Linux, haijui virusi. Akauliza mbona imekwama. Nikasema inafikiria.

Jumanne, 10 Juni
Inafikiria sana! Nimemwaga picha zote kwa kijitabu, kubwa vile zilitoka kwa simu. Nikisogeza mshale, unafika nikishamaliza chai. Taa ya diski haizimi. Ndani kunakwaruza kama panya juu ya mabati. Halafu akapita Ouma, mpwa wa marehemu. Jamaa wa mabega. Alisema polepole kwamba mzee ndiye alimlea, na kwamba anajua plot ninayoishi, hadi mlango wa chumba changu. Nimebandika selotepu juu ya ile taa. Shida nusu imeisha.

Jumatano, 11 Juni
Kusevu kunachukua dakika ishirini. Nimeacha kusevu. Jeremy wa saiba ya ng'ambo ya barabara alichungulia akauliza kama nasaga unga humu ndani. Wivu! Nikasoma mtandaoni: kumbukumbu ikijaa, Linux hupeleka mzigo kwa diski, mahali panaitwa swap. Kumbe adui ni huyo! Nikamzima. Mashine ikakwaruza robo saa, kisha kimya kitamu.
Kisha kijitabu kikatoweka kwa kioo. Chote. Mungu wangu.

Alhamisi, 12 Juni
Sijala. Kila pikipiki ikisimama nje, naona mabega. Saa nne asubuhi nikajishusha, nikavuka barabara kwa Jeremy. Alicheka hadi akashika ukuta. Akaniita mjinga wa kuhitimu: mashine ina RAM, yaani kumbukumbu, ya giga mbili tu, naibebesha mapicha, mechi za mtandaoni na muziki, halafu nang'oa pa kuweka mzigo! Akaja kwangu, akarudisha swap, akafunga mechi, akafungua tena programu ya kijitabu. Mashine ikauliza kama irudishe kazi iliyopotea. Niliitikia kwa sauti, kama naulizwa na mtu. Akapunguza picha. Ikakimbia kama swara, nakala mia mbili zikatoka.

Ijumaa, 13 Juni
Ouma alikagua kila ukurasa kwa kidole. Jasho lilinitiririka hadi kwa soksi. Akanikumbatia, nikadhani ndio mwisho wangu. Mama Adhis alilia, akauliza nimewezaje. Nikasema ni kipaji tu. Jeremy nani?

Jumamosi, 14 Juni
Sifa zimefika Kibera! Katibu wa kanisa moja huko, Dada Mwongeli, ameleta kompyuta yao nzito, niipe kasi. Ndani mna rejista za ubatizo, miaka ishirini. Nikauliza kama wana nakala pengine. Hawana. Nikamwambia nakala ni za waoga. Nimefungua rejista zote kwa pamoja nimalize haraka.
Ameketi hapa nyuma yangu, anauliza mbona kioo kimekuwa cheusi.
Nimemwambia ni kawaida.