Parachichi Namba Mbili

Jumapili, 4 Mei

Presha 158 kwa 96. Kilo 94. Mke wangu Yusra kanipima mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa sababu nilidai mashine ina kasoro. Mashine ni ya zahanati anakofanya kazi. Haina kasoro.

Akauliza juzi usiku nilikula nini. Chipsi mayai. Jana? Chipsi. Mayai yalikuwa yamekwisha. Nikamweleza hali halisi: mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, natoka saa kumi na moja na nusu. Yeye ni nesi, anaingia nyumbani saa moja usiku. Mtoto wetu Safina yuko shule ya bweni. Kibanda cha chipsi kiko njiani. Sikukiweka mimi.

Hukumu yake: jioni kumi za kazi kuanzia kesho, chakula cha maana kiwe mezani saa moja, nipike mimi. Mafuta vijiko viwili, chumvi kidogo, mboga za majani kila siku. Matumizi yasizidi elfu tatu kwa jioni. Ijumaa tarehe 16 ananipima tena. Presha isiposhuka chini ya 140, pikipiki inakuwa yake na mimi naenda kazini kwa miguu. Kilomita tatu, nusu yake mlima.

Nimekubali. Mtu anayepokea saruji tani kumi kwa siku hawezi kushindwa na maharage.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeshindwa na maharage.

Yaliingia jikoni saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Saa moja yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Mkaa nao umelowa. Tumekula ugali na kabichi. Yusra kasema jioni ya leo anaihesabu nusu. Kasema pia, Baba Safina, maharage hulowekwa tangu asubuhi. Nikasema hakuna aliyeniambia. Kasema alidhani ni jambo ambalo mtu huzaliwa analijua.

Lakini nimegundua kitu. Nikiwa napepea jiko, niliona moshi katika nyumba nyingine tatu za njia yetu. Nikatoka kwenda kuuliza. Mwalimu Atuganile, jirani wa karibu, anayeishi na mama yake na watoto wawili: maharage. Doreen wa ofisi ya kata, katikati ya mlima: maharage. Hosea wa duka la pembejeo, juu kabisa, hatua 212 kutoka mlangoni kwangu: maharage. Yake yalikuwa yameiva. Kanikaribisha nisogee nisikie harufu. Sikusogea.

Majiko manne. Wafanyakazi wanne hoi. Maharage yale yale. Kwa nini?

Nikaitisha kikao palepale, barazani kwa Doreen. Hoja yangu: watu hucheza upatu wa pesa, kwa nini wasicheze upatu wa chakula? Kila nyumba ipike sufuria moja kubwa mara moja kwa wiki, ipeleke hotpoti kwa nyumba tatu. Siku nyingine tatu unakaa unaletewa. Ijumaa kila mtu na viporo vyake. Jumla ya walaji ni kumi na watatu. Hosea akatangulia kusema kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, haiingii kwenye upatu huu, kwa heshima ya nyumba yangu. Nikamshukuru. Inaudhi mtu kama yule anapokuwa muungwana.

Wakakubali wote. Ratiba nimeipanga mimi. Jumanne mwalimu, Jumatano Doreen, Alhamisi Hosea, Jumatatu mimi. Jumatatu ya wiki hii imeshapita. Kwa hiyo wiki hii napika mara sifuri!

Jumanne, 6 Mei

Saa moja kasoro dakika nane mwalimu kaleta hotpoti ya bluu. Ndizi na maharage, majani ya maboga pembeni. Yusra kala, kaongeza. Jioni hii kaihesabu nzima.

Nikaosha hotpoti, nikairudisha mwenyewe, safi, imekaushwa. Akaipokea mama yake mwalimu, Bibi Sekela wa Nkunga. Akafungua kifuniko. Akatazama ndani. Akanitazama mimi. Akauliza, pole sana tata, kwenu nani anaumwa?

Nikasema hakuna. Akafunika taratibu, kama mtu anayefunika marehemu.

Nyumbani Yusra akauliza nimerudishia nini ndani. Nikasema hewa. Akakaa chini. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata mtoto anajua. Nami najua, lakini nilihesabu huu ni mfumo, siyo zawadi. Kasema Bibi Sekela hana habari na mfumo.

Nikarudi na mayai manne kwenye bakuli. Ndaga fijo, tata, akasema bibi kunishukuru kwa Kinyakyusa, akaingia ndani. Akatoka na bakuli langu. Ndani yake maparachichi sita, magumu, kutoka mti wake wa Nkunga.

Swali: kama kila chombo kinarudi na kitu, upatu huu una unafuu gani? Nimekaa nalifikiria. Kisha nikaona jibu liko mezani, sita, ya kijani.

Jumatano, 7 Mei

Kazi ya stoo ina kanuni moja: kila kinachoingia kinapewa namba. Kabla ya kwenda dukani nimechukua maka nyembamba, nikaandika 1 hadi 6, ndogo sana, pale karibu na kikonyo. Nataka kujua lipi litaiva kwanza.

Jioni Doreen kaleta dagaa wa nazi na mchicha. Dagaa hawakuwa na mchanga. Nimerudisha hotpoti yake na parachichi namba 1, 2 na 3. Gharama kwangu: sifuri. Doreen kafurahi, kasema jirani umejisumbua. Nikasema si kitu. Ni kweli, si kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya Hosea. Kande za karanga, njegere, karoti, mafuta hayaonekani kabisa. Yusra kala, akafunga macho. Kauliza kama shemeji Hosea anaweza kunifundisha. Nimemwambia nina mambo mengi.

Hatua 212 kwenda kurudisha hotpoti, na zile namba 4, 5 na 6? Nimetumia pikipiki. Hotpoti mbele ya tumbo, maparachichi kwenye koti. Hatua ya mia na hamsini hivi kuna utelezi wa udongo mwekundu. Hotpoti imepona. Namba 4 na 5 zimepona. Namba 6 iliingia mtaroni na maji yakaichukua kuelekea Kyela. Mkono wa klachi umevunjika, pedeli imepinda.

Hosea kashuka kunisaidia. Akauliza, mzee wa stoo, unapeleka hotpoti kwa pikipiki kama mgonjwa mahututi? Kisha akapokea maparachichi yake mawili na kuyageuzageuza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Fundi kasema mkono wa klachi wa aina hiyo unatoka Mbeya. Ijumaa ijayo.

Ijumaa, 9 Mei

Kazini kwa miguu. Dakika 38 kwenda, 47 kurudi. Hii siyo adhabu ya Yusra, ni hitilafu ya kiufundi. Nimemweleza tofauti. Kasema ameielewa.

Mapema jioni nimepita kwa Hosea kuulizia jembe. Dirishani kwake, kando ya redio, parachichi. Karibu na kikonyo: 2.

Namba mbili! Nilimpa Doreen. Imefikaje kwa Hosea?

Nikashuka kwa Doreen. Nikaomba chumvi. Akauliza, chumvi, na presha yako? Kumbe kila mtu anajua. Wakati akiitafuta nikachungulia kapu lake. Namba 5. Ile nilimpa Hosea.

Nikashuka kwa mwalimu. Nikaomba chumvi tena. Mezani namba 1 na 3.

Nikapanda tena kwa Hosea kuhakikisha namba mbili. Kasema jembe bado lipo, halijahama. Nikashuka tena kwa Doreen. Ukweli wote umetoka kwake, bila kujua anachojibu: hotpoti ya mwalimu aliirudisha na maparachichi aliyopewa na mimi. Mwalimu akatoa moja kurudishia hotpoti ya Hosea. Hosea akatoa moja kurudishia hotpoti ya Doreen. Hakuna aliyetoa kitu chake. Nyumba nne, wafanyakazi wa kuaminika, tunazungushiana maparachichi ya bibi mmoja.

Nilidhani mjanja ni mimi peke yangu. Nimesikitika kidogo. Kisha nimetaka kujua: namba mbili itarudi kwangu lini? Nakadiria Jumanne.

Jumapili, 11 Mei

Imerudi leo. Siyo kwa njia niliyokadiria.

Bibi Sekela katuita wote baada ya watu wa kanisani kurudi. Chai ya maziwa. Katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, maparachichi matano yamepangwa kwa mstari. Moja hadi tano. Kapita nyumba kwa nyumba jana, kasalimia, kayakusanya. Kasema mti wake anaujua kama anavyowajua watoto wake, na tangu aanze kuzaa na kulea hajawahi kuona mtoto aliyezaliwa na namba.

Mwalimu akatazama sakafu. Doreen akatazama dari. Hosea akanywa chai iliyokwisha.

Bibi akauliza: hili la sita liko wapi? Nikasema mtaroni. Ndipo nikajua nimejibu swali jingine, ambalo alikuwa hajaliuliza bado.

Hotuba yake ilikuwa fupi, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa. Sehemu niliyoelewa: mkono unaojua kuandika namba unajua na kumenya. Kesho ni zamu yangu. Watu kumi na watatu. Maparachichi haya yaliwe mezani kwao, yaishe, yasitembee tena. Chakula kikichelewa au kikikosa ladha, upatu umekufa, kila nyumba irudi kwenye maharage yake. Na mimi nirudi kwenye chipsi, na pikipiki iende. Hiyo ya mwisho hakuisema. Nimeisema mimi, moyoni.

Hosea kaniuliza nje kama nahitaji msaada. Nimekataa. Kasema basi angalau niloweke. Nimeloweka saa tisa mchana. Kilo mbili na nusu.

Jumatatu, 12 Mei

Mambo yalivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu: natoka dukani. Nusu mbio. Viazi vya Isongole vipo mgongoni, kilo nane, nimevipata sokoni wakati wa chakula cha mchana kwa bei ya jumla.

Saa kumi na mbili na dakika tano: maharage jikoni. Yameanza kulainika baada ya nusu saa! Kuloweka kunafanya kazi. Sijui kwa nini watu hawalitangazi jambo hili.

Saa kumi na mbili na nusu: viazi ndani, kisha nyanya, vitunguu, karoti. Vijiko viwili vya mafuta kwa watu kumi na watatu. Nimepima kwa kijiko kile kile cha Yusra. Hakusema kijiko kwa watu wangapi.

Saa moja kasoro robo: maparachichi. Matano yote yameiva siku moja. Kuhusu lipi linatangulia, uchunguzi wangu umeishia hapo. Nimeyaponda na kitunguu, limau na pilipili.

Saa moja kasoro dakika mbili: mwalimu kapokea. Saa moja kamili: Doreen. Saa moja na dakika tano: Hosea, kwa miguu, sikumwaga tone. Kafungua palepale mlangoni, kaonja kwa kidole, kaonja tena. Hosea kurudia chakula cha mtu ni mara ya kwanza mwaka huu.

Bibi Sekela kaonja, kasema sentensi ndefu ya Kinyakyusa. Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango. Nikaomba anitafsirie. Amekataa.

Jumanne, 13 Mei

Leo nilingoja vyombo vyangu virudi. Mwalimu: unga wa ulezi. Doreen: mayai sita. Hosea: maparachichi matatu. Nimeyageuza. Karibu na kikonyo, kwa maka nzito: 7, 8, 9. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Nimepanda hatua 212 kumwambia kwamba sijafurahi. Kanikaribisha chai. Nimeshuka, nikakuta nimesahau mwavuli, nikapanda tena.

Ijumaa, 16 Mei

Presha 136 kwa 86. Kilo 91.

Yusra kapima mara tatu. Mimi sikudai kasoro yoyote.

Nimemweleza sababu, kwa utaratibu: mfumo. Upatu wa chakula, ratiba bora, usimamizi wa karibu. Akauliza wiki hii nimetembea mara ngapi. Nikamwambia kazini kwenda na kurudi siku tano. Kwa Hosea kumi na nne. Kwa wengine sikuandika. Akatazama viatu vyangu mlangoni. Soli ya kushoto imekwisha, naona kidole. Sijui viatu vinahusikaje na presha. Nesi ni yeye.

Fundi kaleta pikipiki saa mbili usiku. Klachi mpya, inashika vizuri. Ni yangu, hukumu imesema hivyo.

Sasa nimepata jambo la kurekebisha. Katika mpango mzima, udhaifu ni mmoja tu: kutembea. Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea anitengenezee keria ya hotpoti sita, zimefungwa zisicheze hata kwenye utelezi. Nimenunua na maka nyembamba zaidi, maana macho ya Bibi Sekela yana umri. Njiani nimesimama kwenye kibanda cha chipsi, kuuliza tu kama wangependa kujiunga na upatu siku za Ijumaa. Wamenionjesha.

Kuanzia Jumatatu sitembei hata hatua moja.