Lalamiko Kuhusu Kipolandi Nilichofundishwa na Wagonjwa

Primus Temba,
Kilema, Moshi.
Jumanne, baada ya kukamua.

Ndugu Mhariri wa jarida la safari,

Naomba unipokee kwa heshima, na kama umeketi, endelea kuketi, maana barua yangu si fupi.

Mimi ni mwongoza wapanda mlima kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, Mkatoliki, mume wa Bernadetha na baba wa mabinti wawili. Jarida lenu hulisoma kwa kinyozi wangu pale Pasua. Toleo la mwezi wa sita lilikuwa na makala iliyoitwa "Lugha Saba kwa Mwaka Mmoja: Zunguka Dunia, Rudi Unaongea". Mwandishi wenu anasema lugha haifundishwi darasani bali njiani. Kwamba mtu akisikiliza maneno ambayo wenye lugha wanayatumia kila siku, akayarudia bila aibu, basi kwa wiki tatu ataweza kujieleza mbele ya mtu yeyote. Niliisoma mara mbili huku nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa na nusu bado, nikaona wazi kwamba nimeandikwa mimi.

Makala hiyo imenivunjia nyumba, au inaelekea huko. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usipotee.

1. Mwandishi wenu anasema ni lazima mtu asafiri. Mimi sijavuka hata Namanga. Dunia ndiyo inayosafiri kuja kwangu. Inapita geti la mlima imevaa soksi mbili mbili, na nakaa nayo siku sita. Kwa njia hiyo, bila kupanda ndege, nimepata Kijerumani, Kifaransa, Kijapani, Kihispania, Kicheki, Kiingereza, na hicho Kipolandi ambacho ndicho chanzo cha barua hii.

2. Hakusema wenye lugha wawe katika hali gani. Hili ni kosa kubwa la kitaaluma. Mgeni akiwa mzima haongei na mimi. Siku ya kwanza ameweka vitu masikioni, ya pili anapiga picha maua. Anaanza kuniona tukishapita kambi ya Horombo, kichwa kikianza kumgonga, na hapo ndipo masomo yangu yanapoanza. Kwa hiyo katika lugha zote saba ninaweza kusema: kichwa kinaendeleaje, umekojoa leo, kunywa maji, pumua polepole, usiketi hapo maana hutainuka, tapikia upande ule upepo unatoka huku. Ninaweza kusema "bado kidogo tu" kwa lugha saba, na katika lugha zote saba si kweli. Lakini hakuna hata moja ambayo naweza kumuuliza mtu jina la mama yake.

3. Mke wangu alinionya. Alisema, "Baba Hilda, hicho si Kipolandi, hicho ni hospitali." Sikumsikiliza kwa sababu yeye hajaandika kwenye jarida.

4. Sasa niingie kwenye lalamiko lenyewe, na hapa naomba mwandishi wenu aitwe asikilize.

Binti yangu mkubwa, Hilda, alikwenda Polandi kusomea uhandisi wa maji. Huko akakutana na kijana mmoja mpole anayeitwa Tomashi, naye Tomashi, kwa kuwa amelelewa vizuri, akasema hawezi kumwoa mtu ambaye hajakanyaga kwao. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita alikuja hapa kwetu kuposa, pamoja na baba yake, Mzee Zigmunti, mgane wa miaka sabini na moja, dereva wa treni mstaafu, mrefu kiasi kwamba aliinama kupita chini ya migomba yetu yote.

Desturi yetu ni kwamba binti haketi na wazee wanaozungumza habari zake. Hilda alikuwa jikoni na mama yake akikoroga mtori, na kwa hiyo kwa upande wetu mwenye Kipolandi cha kweli hakuwepo. Tomashi anajua Kiingereza, baba yake hajui. Ukoo ulikuwa umemwita mwalimu Tito wa Shirimatunda ageuze Kiswahili kuwa Kiingereza, kisha Tomashi ageuze Kiingereza kuwa Kipolandi. Nikasema neno likipita midomo mitatu linafika limeshatafunwa. Nilimwambia Tito aketi karibu na mbuzi wa ndafu, apumzike. Tena nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba Kipolandi nilikijua kabla Hilda hajaota meno.

Nikasimama na kata ya pombe ya mbege mkononi. Makala yenu inasema mtu aanze na salamu. Salamu ya Kipolandi niliyo nayo ni moja. Nikamtazama Mzee Zigmunti machoni nikamuuliza kichwa kinaendeleaje.

Mzee alishtuka, maana hakutegemea kuikuta lugha ya kwao Kilema. Akajibu kwamba kinauma. Nikamuuliza ni kiasi gani, kutoka moja hadi kumi. Akafikiri kwa uaminifu, akasema nne.

Baba yangu mdogo, Mzee Fabian, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akataka kujua mgeni amesema nini.

"Anasema anauheshimu ukoo wetu," nikajibu. "Amelirudia hilo mara nne."

Wazee wakapiga makofi. Ndugu Mhariri, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mzee Fabian akaniagiza niulize kama katika ukoo wao kuna ugonjwa wa kurithi, au watu wa kupiga wake zao. Nikamuuliza mgeni kama ametapika tangu asubuhi. Alijishika tumbo kuhakikisha, akasema hapana. Nikawaambia kwao hakuna kitu kama hicho. Mzee Fabian akasema niulize kuhusu pombe. Nikauliza amekunywa lita ngapi. Mgeni akainua kidole kimoja, na hilo halikuhitaji tafsiri. Wazee wetu walitazamana wakasema huyu ni mtu wa kiasi, maana wao wenyewe walikuwa wameshapita hapo. Tomashi alikuwa ananitazama kwa namna fulani, lakini mposaji hamkosoi baba mkwe, hilo nadhani ni la dunia nzima.

Mpaka hapo posa ilikuwa inakwenda vizuri kuliko posa zote za ukoo wetu.

Ndipo Mzee Fabian akaweka fimbo yake magotini na kuuliza lile swali lenyewe. Alisema mtoto wetu anakwenda mahali pa baridi, hana shangazi, hana jirani wa kumwita kwa jina. Siku taabu ikija, je, ataachwa peke yake?

Nililitafuta swali hilo ndani ya Kipolandi changu chote. Neno la karibu nililolipata ni lile ninalowaambia watu wawili wawili kabla ya kuanza mpando wa mwisho wa kilele cha Kibo. Nikalisema kwa sauti ile ile ya Kibo, maana sina nyingine:

"Usimwache mwenzako nyuma, hata akikuambia wewe nenda tu."

Mzee Zigmunti akaiweka kata chini. Akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, wala hakujifunika uso. Machozi yalikuwa yanashuka tu, kama mtu ambaye ameyasahau. Kisha akaanza kuongea, akaongea kwa muda mrefu, akinitazama mimi peke yangu.

Na hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Nilielewa yote. Mtu akiniuliza bei ya viazi kwa Kipolandi nitamwita daktari, lakini siku hiyo halikunipita neno, kwa sababu maneno yote yalikuwa ya kwangu. Baridi. Kifua. Kupumua. Maji, hataki maji. Polepole. Mke wake alikuwa mgonjwa, ilikuwa majira ya theluji, naye akamwambia wewe nenda tu, treni haiwezi kujiendesha. Akaenda. Aliporudi alikuwa amechelewa. Hilo neno "kuchelewa" nalijua pia kwa Kipolandi, na sitaeleza nilijifunzia wapi.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Fabian.

Nilitaka kusema anasifu ng'ombe wetu. Mdomo ulikataa.

"Anasema mke wake alimwambia aende kazini," nikasema. "Akaenda. Aliporudi akakuta ameshafariki, na hapakuwa na mtu naye."

Hakuna aliyeinua kata tena. Tomashi alikuwa anamtazama baba yake kama mtu aliyetambulishwa kwake dakika ile. Mwalimu Tito, ambaye sikumruhusu kufanya kazi, alisimama akatoka nje ya ua. Mzee Fabian akasema posa yenye machozi haijawahi kuonekana katika ukoo wa Temba, na kwamba wazee watakwenda kufikiri. Wageni wakarudishwa hotelini mjini kabla ndafu haijakatwa.

5. Tangu Jumamosi, Hilda yuko mjini kwa wageni, na simu zangu hazipokei. Bernadetha anazungumza na mimi Kichagga kile tu anachozungumza na ng'ombe: sogea, simama, inua mguu. Nilimpelekea Mzee Zigmunti jani la sale kwa mkono wa Tito, maana kwetu jani hilo ni kuomba radhi na halikataliwi. Tito ameniambia mzee alishukuru sana, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani, kisha akauliza kama linaliwa.

6. Naona yametimia sita, ingawa nilipoanza nilidhani ni matano. Hili la sita ni kwamba kinyozi naye hataki kuniuzia nakala ile niichome.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani nimezidisha.

Kwanza, makala ile ifutwe katika nakala zote, kwa wino mweusi, mkianzia na ya Pasua. Pili, kwa kuwa jarida lenu linasomwa na mawakala wa utalii, litangaze kwamba kuanzia msimu ujao kila kundi la wapanda mlima lije na bibi mmoja mwenye afya njema ambaye hapandi. Bibi huyo aketi na mimi getini siku mbili, tumenye ndizi, anieleze mambo ya kawaida ya kwao: nani ameoa, mvua ikoje, jirani yupi ni mchoyo. Wazungu wanakuja bila wazee wao, ndiyo maana lugha zao zinatufikia zikiwa na homa. Tatu, kwa lugha za watu wanaopanda kwa wingi, bibi mmoja hatoshi. Ziletwe familia mbili zinazogombania mpaka wa shamba, nizisikilize wiki nzima, ili nijue kubishana kwa adabu. Nne, nchi yoyote isiyo na mgogoro wa mpaka ilete harusi. Ifungwe Horombo, pana nafasi. Na kama hawana wachumba tayari, wafunge ya kuigiza, mimi nitasikiliza vile vile. Tano, mwandishi wenu mwenyewe aletwe. Nitampandisha hadi kichwa kimuume, halafu nimwagize aniombee radhi kwa Kipolandi, tuone atakuwa na maneno gani.

Nisipopata jibu ndani ya wiki tatu, yaani muda ule ule ambao makala inasema unatosha kwa lugha nzima, nitaandika tena, na safari hiyo nitaandika kwa Kijapani.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, mlinzi wa getini kwenu, na mama anayewapikia chai. Mimi ni yule msomaji wenu asiyenunua, lakini anayesoma mpaka matangazo,

Primus Temba.

Nyongeza, Ijumaa. Barua hii nilikuwa sijaiposti kwa sababu ya mvua, na yametokea mambo.

Jana asubuhi Mzee Zigmunti alifika hapa peke yake. Alishukia barabara kuu, akapanda kilima kwa miguu, akakataa bodaboda. Aliketi nami chini ya migomba tukanywa kahawa, tukaongea mpaka ng'ombe wakadai chakula. Nilimwonya apumue polepole. Alinieleza mke wake alivyokuwa akipumua. Hapakuwa na mengi zaidi ya hayo, na hatukuhitaji mengi zaidi. Baadaye Hilda alinipigia mwenyewe. Alisema Tomashi hajawahi kumsikia baba yake akitamka habari za kifo kile, miaka kumi, wala kwa padre, na kwamba mzee anaomba posa iendelee Jumapili baada ya misa ya pili, ila kwa sharti moja: Tito asiitwe, wala mtu yeyote asinifundishe Kipolandi kingine.

Mzee Fabian amekubali. Amesema amekaa kwenye posa tangu akiwa kijana na hii ndiyo ya kwanza ambayo mzazi wa mwanamume alisema ukweli. Bernadetha ameniambia "karibu chakula", kwa Kiswahili.

Hivyo naomba msiifute makala, na wale mabibi msiwasumbue, wabaki kwao. Badala yake nakuomba, Ndugu Mhariri, umwulize mwandishi wenu jambo moja kwa siri. Binti yangu mdogo, Winfrida, amesema ana rafiki Mkorea ambaye angependa wazazi wake watutembelee mwezi wa kumi na mbili. Kikorea nina maneno kumi na moja, yote yanahusu vidole vya miguu. Je, kwa posa yanatosha? Mimi naona yanatosha.